Natoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku: muda wa mazoezi niutoe wapi?

MamaWawili_Mbezi

Habari zenu, ndugu. Nina umri wa miaka 39, ni mhasibu katika ofisi moja iliyopo Posta, Dar es Salaam, na ninaishi Mbezi. Naamka saa 10:30 alfajiri, nawaandaa watoto wawili, natoka saa 11:30 kuwahi daladala ya Kimara, kisha napanda mwendokasi hadi Posta ya Zamani. Ofisini nakaa kitini kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kwa foleni tunazozijua wote, nikifika nyumbani huwa ni saa 1:30 au saa 2 usiku, na jiko linanisubiri.

Mwezi uliopita nilipima presha ikasoma 138 kwa 88. Daktari hakuniandikia dawa, ila aliniagiza nipunguze chumvi, nifanye mazoezi nusu saa kwa siku tano za wiki, kisha nirudi baada ya miezi mitatu. Chumvi nimepunguza. Hiyo nusu saa ndiyo sijui niikate wapi. Mwaka jana nililipia jimu ya mtaani kwa miezi mitatu nikaenda mara nne tu, na raba nilizonunua kwa ajili hiyo sasa anazivaa mdogo wangu. Naomba ushauri kwa wenye ratiba kama yangu. Wanaofanyia kazi nyumbani wanisamehe.

Viungo_Tanga

Pole na majukumu, dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na karibu kila wiki napokea mtu mwenye maelezo kama haya.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Nusu saa kwa siku tano aliyokutajia daktari ndiyo hiyo 150. Wengi hawana habari kwamba mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2010, ulitaka kila kipande cha mazoezi kisipungue dakika 10, na kwamba sharti hilo liliondolewa. Kwa hiyo huna haja ya kuitafuta nusu saa ikiwa nzima: dakika 7 za kupanda ngazi, 15 za kutembea na 8 za mazoezi ya jikoni zinahesabika zote.

Mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya bado unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Kwa upande wa misuli, wakati maharage yanachemka chukua stuli imara, kaa na kusimama bila kushika chochote mara 12, kisha weka viganja ukutani, rudisha miguu nyuma kidogo na usukume ukuta mara 12. Pumzika, rudia mara mbili. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja na urudi kwa daktari wako.

AbiriaWaKibamba

Njia yako naijua kituo kwa kituo, kwa kuwa ni yangu pia. Ninachofanya tangu mwaka juzi ni kushuka kituo cha Fire badala ya kusubiri Posta ya Zamani, na kumalizia kwa miguu. Kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini hutumia kama dakika 25, na kwa ratiba yako utakuwa umeshapambazukiwa.

Jioni nafanya kinyume na wenzangu: badala ya kugombania basi pale Posta ya Zamani likiwa limeshajaa, natembea kama dakika 10 hadi Kivukoni linapoanzia, napanga foleni na aghalabu napata kiti. Kwa mtu anayekwenda hadi Kimara, hilo peke yake linatosha kukushawishi hata kama presha yako ingekuwa nzuri.

Viatu vya ofisini viache kwenye droo, na uwe na blauzi ya akiba, hasa kati ya Januari na Machi ambapo joto la mjini halimwachi mtu akauke. Masika nayo ina hesabu yake: Jangwani ikijaa maji mabasi husitishwa, na siku hiyo usiumie kwa kukosa mazoezi, maana pengine utatembea kuliko ulivyopanga.

BibiWaMagomeni

Nimesoma yote kwa makini, wanangu, na sijaona aliyeuliza baba watoto huwa wapi saa 2 usiku. Mnamfundisha huyu binti kusukuma ukuta huku maharage yanachemka, wala hakuna anayejiuliza kwa nini maharage ni yake kila siku. Mwanangu, kama mumeo yupo nyumbani na ni mzima, zungumza naye kwa utaratibu akuachie jioni mbili tu za wiki. Usimwombe "msaada", kwa sababu msaada hutolewa mtu akijisikia. Mpangieni siku.

Joging_Temeke

Bibi amenena. Mimi naongezea la mwisho wa wiki: tafuta kikundi cha joging kilicho karibu nawe, kwani huku kwetu vinatoka Jumamosi au Jumapili alfajiri, watu wamevaa fulana za aina moja, wanaimba na kuitikiana. (Mtaalamu wa Tanga asiogope, wengi wetu tunaitikia neno moja moja.) Wenzako watakupigia simu usipoonekana, na hicho ndicho jimu haikukupa. Ila usianze na kilomita 10 kwa kuona aibu. Kaa nyuma na wanaotembea, hakuna atakayekucheka.

Mtakumbuka pia kwamba Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mimi ndipo nilipoanzia, ingawa mara moja kwa mwezi haikunipunguza hata kilo moja hadi nilipoingia kwenye kikundi.

MamaWawili_Mbezi

Nawashukuru nyote. Jumatatu nilishuka Fire. Nilitumia dakika 31, si 25, kwa sababu nilivaa kandambili zilizoanza kunikata vidole kabla hata sijafika Kisutu, kwa hiyo raba zangu nimezidai na nimerudishiwa. Jioni Kivukoni nilipata kiti cha dirishani, nikasinzia hadi Ubungo.

Bibi, shikamoo. Nimezungumza naye kama ulivyoelekeza, na Jumanne na Alhamisi sasa ni zake. Jana alinipigia simu nikiwa kwenye basi kuuliza kama katika wali wa nazi linatangulia tui zito au jepesi. Nimemwandikia kwenye karatasi, ameibandika ukutani kando ya jiko.