Acheni kuweka klasi zenu za stringi kwenye mifumo ya watu kama hamwezi kuzimaliza!

Wakuu, nimekesha siku tatu na nina hasira, mnivumilie. Klasi ya stringi ni aina ya data unayojiandikia mwenyewe ya kushika maandishi kwenye programu.

Nimekabidhiwa mfumo wa ankara wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Umeandikwa kwa C++, unatumia Linux ya biti 64. Malalamiko yao: mfumo unazima ukiuza rangi. Saruji inapita, nondo zinapita, "Misumari inchi 4" inapita. Ukiingiza "Rangi ya maji nyeupe 20L", baada ya muda programu inakufa na ujumbe "free(): invalid pointer". Dada wa kaunta amelaumiwa miezi kadhaa kwamba anabonyeza vibaya. Akagundua mwenyewe kwamba akiandika "Rangi maji nyeupe 20L" inakubali, na bado anaitwa mzembe.

Kufungua msimbo, nakuta jamaa waliouandika waliamua kuwa na stringi yao wenyewe. Konstrakta, yaani sehemu inayotayarisha stringi mpya, hii hapa:

data = new char[strlen(s)];
strcpy(data, s);

Wanaoijua lugha hii wameshaona. strlen inahesabu herufi bila ile sifuri ya mwisho inayoonyesha maandishi yameishia wapi, lakini strcpy, inayonakili maandishi, inaiandika. Jina la herufi 24 linataka baiti 25, wao wameomba 24. Sasa mbona misumari haikuua mfumo? Kwa sababu malloc ya glibc, yaani mgawaji wa kumbukumbu kwenye maktaba ya msingi ya Linux, haikupi chini ya baiti 24 hata ukiomba 8, hivyo majina mafupi yaliokolewa na nafasi ya ziada. Hesabuni ile rangi pamoja na nafasi na tarakimu: 24 kamili. Sifuri ikamwagikia kipande cha jirani na kuharibu ukubwa wake ulioandikwa pale, na programu ikaja kufa baadaye, sehemu nyingine kabisa, jirani alipoachiliwa. Jina la herufi 25 linapita salama, maana linapewa baiti 40. Hapo yule dada angejuaje?

Halafu klasi yenyewe haina konstrakta ya kunakili wala operator= (ya kukipa kitu thamani ya kingine). Usipoziandika, kompaila, ile programu inayotafsiri msimbo, inakutengenezea zake, na zake zinanakili pointa tu, yaani anwani ya kumbukumbu na si maandishi yenyewe. Vitu viwili vinashika kumbukumbu moja, kila kimoja kinataka kuifuta. Hili walilikuta, kwa sababu nimeona walivyolitibu: wameweka // mbele ya delete[], yaani wameizima amri ya kurudisha kumbukumbu. Basi hakuna kinachorudishwa, mfumo unavimba tangu asubuhi, na ukutani pale kaunta kuna karatasi imebandikwa: ZIMA WASHA SAA 7 MCHANA. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mafundi.

Nimemuuliza mmoja wao, ananijibu eti std::string, stringi inayokuja na C++ yenyewe, ni nzito. Nzito wapi? Ipo kwenye kiwango rasmi cha lugha tangu 1998. Ile ya kompaila ya GCC kwenye biti 64 ina baiti 32, na jina lisilozidi herufi 15 linakaa humo humo bila kugusa malloc. "Nondo mm 12" haiombi chochote nje. Ya kwenu inaomba kila mara na hairudishi.

Walimu nao. Kuandika stringi yako darasani sipingi, mimi mwenyewe ndivyo nilivyoelewa nani anamiliki kumbukumbu na nani anaiachia. Lakini zoezi linaishia kwenye konstrakta na distrakta (sehemu inayosafisha kitu kinapoisha), mwanafunzi anachapisha "Habari", anapewa alama, anaondoka. Kunakili, kuhamisha (tangu C++11), kujipa mwenyewe s = s, hakuna aliyemuuliza. Mtu huyo huyo kesho anaandikia duka.

Kosa lenyewe nililipata kwa kukompaili upya na -fsanitize=address, chaguo la kompaila linalokagua makosa ya kumbukumbu. Nilipoingiza rangi tu, likanionyesha mstari. Hawakujaribu hata mara moja.

Mwenye klasi ya namna hii kwenye mfumo wa mtu, fungua leo utafute new char[strlen, uangalie kama kuna + 1 ya ile sifuri. Mimi kesho naenda dukani kumweleza mwenye duka, yule dada akiwepo, kwamba hakukosea kitu.