Msaada: nguzo hii ni mpingo au mkwaju? Nataka kuitumia kwenye gitaa

FundiNyuzi
Habari zenu wakuu. Natengeneza magitaa hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Jirani kaniuzia nguzo ya ghala la zamani iliyotoka Kitgum, nzito ajabu. Nimepiga randa upande mmoja: ndani ni kahawia inayoelekea zambarau, yenye michirizi myeusi. Pembeni kuna ukanda wa rangi ya krimu, upana wa kidole, wadudu wameutoboatoboa, kiini hawakukigusa. Anaapa ni mpingo. Naomba mnisaidie kabla sijaipasua kupata ubao wa freti wa shingoni na daraja la kushikia nyuzi. Miti ya namna hii huku Acholi inaishia kwenye makaa, inaniuma kuiharibu hata hii moja.

Dada_wa_Lira
Katumbukize kipande majini kaka. Kikizama ni mpingo.

MzeeRanda
Binti yangu, kuzama hakutoshi. Kiini cha mkwaju mkavu nacho kinaweza kuzama. Maji yanakwambia tu kwamba uzito umepita gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo.

Fundi, kata kipande kidogo cha pembe nne, kipime kwenye mizani, gawa gramu kwa ujazo wake. Mpingo mkavu hucheza kwenye 1.2 hadi 1.3. Halafu chukua wembe mpya, ulainishe pale msumeno ulipokata kichwani, ulowanishe kidogo, utazame. Mpingo una vinyweleo (vitundu vya mti) vidogo mno, kwa macho matupu huvioni vizuri. Vya mkwaju vinajitokeza zaidi. Na huo ukanda wa krimu ni ushahidi mzuri: kwenye mpingo ni mwembamba, umeachana na kiini kwa mstari mkali. Mkwaju sehemu kubwa ni ya manjano, kiini cheusi ni kidogo na kimekaa bila mpangilio. Mimi naegemea mpingo.

FundiNyuzi
Nimepima mzee, 1.24! Vinyweleo sivioni bila lenzi. Ahsante sana. Je, utakubali kukunjwa kwa mbavu za gitaa (pembeni mwake)?

MzeeRanda
Mbavu achana nazo, nguzo huwa na nyufa zinazoanzia moyoni, yaani katikati kabisa ya mti. Pasua ukiuacha moyo nje, paka nta vichwani, uache ukae kivulini bila haraka. Mti huu una mafuta, kwa hiyo ufute kwa asetoni kabla tu ya kutia gundi. Na vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua na ngozi.

Okello_Kla
Mwambie jirani akuandikie hati ya mauzo inayotaja lile ghala. Jamii yote ya mpingo, Dalbergia, iko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu 2017. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa, ila mbao ghafi hazivuki mpaka bila kibali. Na ukiletewa gogo bichi, waulize kwanza NFA (mamlaka ya misitu ya Uganda) kabla hujatoa hela.