Mkufu wa dhahabu wa karati 18, au ninunue kipande tu?

Kidani:
Wakuu, zamani mnunuzi alitaka karati 22 (sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu), nzito, basi. Bei ilivyopanda watu wamegawanyika: wengine wameshuka hadi karati 14 au 9, wengine wananunua vipande vya dhahabu safi vya gramu kadhaa wavifungie kabatini, na wapo wanaosema mapambo ni hasara tupu. Nataka mkufu wa gramu 10 wa kuvaa kila siku, ila siku ya kuuza nisilie. Karati ngapi? Na nauhakiki vipi?

MizaniHuru:
Tenganisha dhahabu na ufundi. Kwenye gramu 10, dhahabu safi ni gramu 9.16 kwa karati 22, 7.5 kwa 18, 5.85 kwa 14 na 3.75 kwa 9. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo (bei ya aunsi gawanya kwa 31.1). Kinachozidi hapo ni ujira wa sonara, faida ya duka na kodi.

Tuseme ziada hiyo ni asilimia 20, na atakayeununua baadaye anatoa asilimia 95 ya thamani ya dhahabu yake. Bei lazima ipande karibu asilimia 26 ndipo hela yako irudi. Kipande chenye ziada ya 4, kinachonunuliwa kwa 98, kinahitaji kama 6 tu. Wanaosema hasara hawajakosea hesabu, ila kipande hakivaliwi shingoni. Na mkufu ukiwa na mawe, uzito wake utolewe kwanza; vinginevyo unalipia kioo kwa bei ya dhahabu.

Tanuri:
Kila siku? 18. Karati 22 ni laini, vipete vya mkufu mwembamba husagana hadi vinakatika. Karati 9, zaidi ya nusu yake ni madini mengine, hivyo jasho huweza kuifubaza.

Kubwa kuliko karati: usichukue mkufu ulio tupu ndani. Unaonekana mnene kwa bei nafuu, lakini ukibonyea haunyooki vizuri, na ukikatika, moto wa kuunganishia hutoboa ukuta wake. Dhahabu nyeupe nayo kwa kawaida hupakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa. Ikichakaa, unjano unatokeza na unalipa kupaka upya.

MizaniHuru:
Kuhakiki: mhuri 750 (sehemu 750 za dhahabu kwa 1000) ni karati 18, 916 ni 22, 585 ni 14. Mhuri hughushiwa, kwa hiyo pima. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, irudishe sifuri, kisha ninginiza mkufu kwa uzi uzame bila kugusa kikombe. Gramu 10 za karati 18 ya njano zitasoma kama 0.65, karati 14 kama 0.75; ni uzito wa maji yanayosukumwa, na dhahabu ikipungua namba hupanda. Tikisa viputo vitoke kwanza, maana vinaongeza namba na kukufanya umtuhumu sonara bure. Mkufu tupu ndani pia hudanganya kipimo hiki.

Kidani:
Na sumaku?

Tanuri:
Inakamata chuma na nikeli, shaba inapita. Kifungo kikivutwa usishtuke, springi yake mara nyingi ni ya chuma.