Mwanaume wa miaka hamsini na jimu: ni afya au ni kukimbizana na ujana?

BabaTerry_Donholm: Wadau, hebu nisaidieni. Rika langu lote siku hizi ni jimu. Kwenye chama juzi tulienda kuzungumzia ploti ya Kangundo Road, tukaishia kuzungumzia kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu za misuli. Mweka hazina amekuja na fulana ya kijana wake, mishipa imemtoka mikononi, ati anapanga kufika miaka mia. Karo anaomba aongezewe muda, lakini pesa ya unga wa protini iko. Wazee wetu walizeeka na vitambi vyao na heshima ikabaki. Huu si ujana unatafutwa na tochi?

ChumaNiDawa: Wazee wetu gani? Wangu alienda na presha kabla hata ya kuonja pensheni, tukaambiwa karogwa. Misuli huanza kupungua baada ya miaka thelathini, kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukivuka sitini inakimbia zaidi. Ndiyo maana mzee anaanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Sijaona mahali wameandika “isipokuwa watu wa Donholm”. Na mpunguze ugali, ndio unawafugia hayo matumbo.

OmoshWaUmo: Ugali umekukosea nini wewe? Watu wanaongea mambo ya maana, unaingilia chakula cha watu. Kipchoge amekula ugali maisha yake yote na alikimbia Berlin chini ya saa mbili.

ChumaNiDawa: Ilikuwa Vienna, 2019, saa 1:59:40, na haikuhesabiwa rekodi kwa sababu wasaidizi walikuwa wanapokezana kumkatia upepo. Berlin 2022 ni 2:01:09. Halafu huyo anamaliza kama kilomita 200 kwa wiki. Wewe Omosh unakimbilia matatu tu, tena ikiwa ya mwisho.

OmoshWaUmo: Hunijui, usiniguse. Nimebeba magunia Marikiti wewe ukiwa shule ya bweni.

Shiru_K: Mnacheka, njooni mwone kwangu. Mzee amenunua mizani ya jikoni. Kuku anapimwa, wali unapimwa. Juzi tumegombana kwa sababu ya ugali: apime unga ukiwa mkavu ama apime ukiwa sahanini? Nikamwambia sahanini zaidi ya nusu ni maji. Akaketi pale na simu anatafuta, ugali ukapoa. Na anayepika ni mimi! Hiyo afya ingekuwa tamu kama angeosha hata hiyo mizani.

DaktariBaridi: Mimi mazoezi nayaunga mkono. Kinachonitia wasiwasi ni wale wanaofura ndani ya miezi miwili. Hiyo si protini, ni sindano. Ukijidunga testosteroni, ubongo unaona iko ya kutosha, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Damu nayo inakuwa nzito. Anayehitaji kweli apimwe damu na afuatiliwe na daktari, si kuuziwa kichupa na mwalimu wa jimu kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

MwalimuMstaafu: Umesema vyema, daktari. Lakini narudi kwa Shiru. Mke kulalamika mbele ya watu kuhusu sahani ya mumewe, je, ndiyo adabu?

Shiru_K: Mwalimu, shikamoo. Sasa niulize pia, nani aliosha vyombo kwako jana?

FundiKariobangi: Nyinyi mnabishana kama matajiri wa Lavington. Huku jimu yetu ni bomba, kila upande mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Mikebe haitoshani uzito hata siku moja, kwa hivyo ukimaliza raundi unageuza bomba, la sivyo bega moja litakua na lingine libaki. Wanaokuja wengi wamevuka arobaini na tano, wachomeleaji na madereva. Hakuna wa kujipiga picha. Mtu anataka tu mgongo uache kuuma. BabaTerry, huo ni ujana gani?

Njeri_Kahawa: Kwani lazima chuma? Msitu wa Karura upo, hewa safi, mtembee.

FundiKariobangi: Karura kuna kiingilio, na nauli ya kutoka huku ni magari mawili. Wangari Maathai alipigwa hapo 1999 akitetea msitu wa wote, leo umewabakia wenye viatu vya elfu ishirini.

MwalimuMstaafu: Na kuna yule tajiri wa Marekani, Bryan Johnson, anayetumia dola kama milioni mbili kwa mwaka asizeeke. Sisi makato ya asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, tu tunalia.

BabaTerry_Donholm: Asanteni, ila niliuliza kuhusu wanaume wa rika letu na jimu. Fundi, hapo kwenu mnalipa ngapi?

OmoshWaUmo: Ngoja kwanza, huyu Chuma hajanijibu. Gramu mia za unga wa mahindi zina protini kama gramu nane. Sasa ugali ni adui vipi?

ChumaNiDawa: Nane zenye upungufu. Mahindi hayana lisini, kiungo kimoja cha protini, ya kutosha kujenga misuli. Lazima uweke maharagwe, ama omena, ama yai. Ndiyo maana githeri iko sawa.

OmoshWaUmo: Kwa hivyo umekubali ugali na omena ni chakula cha misuli.

ChumaNiDawa: Sijakubali. Nimesema *na omena*. Wewe omena unaweka kijiko kimoja na mlima wa ugali, nakujua.

OmoshWaUmo: Unanijua kutoka wapi?