Mtu wa kitengo (Usalama wa Taifa) akistaafu, apewe chaki?

Mzalendo wa Upanga: Wakuu, Paul Pillar kakaa kwenye ujasusi wa Marekani miaka 28, kastaafu 2005, akaenda kufundisha Georgetown. 2006 akaandika wazi kwamba serikali ya Bush ilichagua taarifa za kijasusi zilizoipendeza ili ihalalishe vita vya Iraki. Kwetu wastaafu wa kitengo wanaishia kufuga kuku Kibaha. Kwa nini wasipewe darasa la uhusiano wa kimataifa? Au tuwaachie wale wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao hata mpaka wa Namanga hawajavuka?

Hatunitishi: Mlimani imeingiaje hapa? Nimesoma Mlimani na Namanga nimevuka. Nyie wa Chuo cha Diplomasia Kurasini si ndio mnafundishwa kushika uma?

Mama Kurwa: Mada jamani. Mimi nimefundishwa na mstaafu mmoja, chuo sikitaji. Mhadhara mtamu mpaka watu wanasimama madirishani. Sasa muulize, "Mwalimu, hili limeandikwa wapi?" Anafunga faili, anatabasamu: "Hilo tuliache." Kwenye tasnifu niandike nini, mzee kasema? Msimamizi alinipigia mstari mwekundu ukurasa mzima.

Kibao Kata: Ulitaka akamatwe, dada? Kuna sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996, siri hazitolewi.

Mama Kurwa: Basi asisahihishe mitihani kwa vitu ambavyo mwanafunzi haruhusiwi kuvisoma. Pillar alibishiwa hadharani kwa sababu aliandika. Huyu wangu utambishiaje?

Hatunitishi: Halafu mnasahau marehemu Balozi Augustine Mahiga. Udaktari Toronto, akafundisha MLIMANI (soma tena), ndipo akaingia kitengo. Baadaye mjumbe wa UN Somalia, waziri wa mambo ya nje. Chaki ilitangulia.

Mzalendo wa Upanga: Mmoja huyo. Kurasini imetoa mabalozi tangu Nyerere na Nkrumah wanaianzisha.

Hatunitishi: Nkrumah?! 😂 Kapinduliwa 1966, chuo ni cha 1978, na mshirika wetu alikuwa Msumbiji. Umeshika uma mpaka umesahau kitabu.

Mzalendo wa Upanga: Nimeteleza kwenye simu, acha kunitolea povu. Si uje ufundishe wewe?

Hatunitishi: Nipite wapi kufika Kurasini, na foleni ya malori yale ya bandarini?

Kibao Kata: Hapo kituo cha Uhasibu jana nimekaa kwenye foleni mpaka betri ikaisha. Hivi hayo malori hayawezi kupangiwa usiku tu?

Mzalendo wa Upanga: Usiku tunalala saa ngapi sisi wenye nyumba huko?