Mdogo wangu anahama chuo Marekani kwa mara ya pili: je, bado anahitaji msamaha wa NCAA ili acheze msimu ujao?

Swali, kutoka kwa DadaWaMchezaji

Wanajukwaa, naomba msaada wa yeyote anayezijua vyema kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani. Mdogo wangu wa kiume anacheza mpira wa kikapu katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, na anamalizia mwaka wake wa pili wa masomo. Mwaka wa kwanza alikuwa chuo kingine, akahama, na sasa anataka kuhama tena, kwa sababu kocha aliyemchukua ameondoka na huyu aliyekuja hampangi.

Nimesoma mtandaoni kwamba anayehama kwa mara ya pili hukaa nje msimu mzima, isipokuwa apewe msamaha maalumu, na kwamba msamaha huo hutolewa kwa mtu mwenye maradhi, aliyeuguliwa na mzazi au aliyedhulumiwa. Mama yetu ana shinikizo la damu, na jamaa mmoja ametushauri tupate barua ya daktari ili iambatanishwe na maombi. Nasita, kwa kuwa ugonjwa wa mama sio unaomhamisha, lakini pia sitaki msimu wake upotee kwa sababu ya kusita kwangu. Je, barua hiyo inahitajika? Na ni nini hasa kinachoamua kama mchezaji aliyehama ataruhusiwa kucheza mara moja?

Jibu, kutoka kwa Msomakanuni

Dada, barua ya daktari iacheni. Uliyoyasoma yalikuwa sahihi kwa wakati wake, ila kanuni hiyo haipo tena, na nadhani ni vyema ujue ilivyoondoka ili mtu asije akawarudisha huko.

Kwa miaka mingi, mchezaji wa futiboli ya Marekani, mpira wa kikapu, besiboli au hoki ya barafu ya wanaume aliyehama kutoka chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza kwenda kingine alilazimika kusoma mwaka mzima bila kucheza. Wenzake wa michezo mingine walikuwa na nafasi ya kuhama mara moja bila adhabu. Potali ya uhamisho, yaani mfumo wa mtandaoni ambamo jina la mchezaji anayetaka kuhama huingizwa, ilipoanza Oktoba 2018, mchezaji hakuhitaji tena kumwomba kocha wake ruhusa ya kuzungumza na vyuo vingine, lakini mwaka wa kukaa nje ulibaki palepale, na kwa asiyemaliza shahada njia ya kawaida ya kuukwepa ikawa ni kuomba msamaha.

Hapo ndipo malalamiko yalipozidi. Mwaka 2019 Justin Fields, mchezaji wa futiboli ya Marekani, alihama kutoka Chuo Kikuu cha Georgia kwenda kile cha Ohio State na akaruhusiwa kucheza bila kusubiri. Mwaka huohuo Brock Hoffman, naye wa futiboli, alihamia chuo cha Virginia Tech ili awe karibu na mama yake, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kichwani, akakataliwa. Mwongozo wa wakati ule ulitaka chuo kipya kiwe ndani ya maili 100 kutoka nyumbani, na chake kilikuwa umbali wa maili 105. Sijawahi kuona maili tano zikipimwa kwa ukali namna ile.

Aprili 2021 NCAA iliruhusu wachezaji wa michezo yote kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Swali likabaki kwa wanaohama mara ya pili, kama mdogo wako, na Januari 2023 masharti ya msamaha kwa kundi hilo yakabanwa zaidi. Sehemu kubwa ya orodha uliyoisoma inatoka huko. Tez Walker, mchezaji wa futiboli wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alikataliwa mwaka huo, ingawa chuo chake cha kwanza hakikucheza msimu wa 2020 kwa sababu ya korona, na alikuja kuruhusiwa Oktoba, msimu ukiwa umeshaanza. Desemba 2023 majimbo saba, yakiongozwa na Ohio, yaliishitaki NCAA kwa kuvunja sheria za ushindani, na jaji wa mahakama ya shirikisho huko West Virginia akatoa zuio dhidi ya kanuni hiyo. Aprili 2024 NCAA yenyewe iliifuta, na mwezi uliofuata ikaingia makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na majimbo yaliyoshitaki, yanayoizuia kuirejesha.

Kwa hiyo idadi ya mara alizohama haimzuii. Kinachotakiwa ni kwamba ajiandikishe kwenye potali ndani ya dirisha la mchezo wake (kipindi kilichowekwa cha kujiandikisha), aondoke chuo cha sasa akiwa bado anastahili kucheza kimasomo na bila adhabu ya kinidhamu, na atimize viwango vya masomo katika chuo kipya. Asihame katikati ya mwaka akitarajia kuchezea timu mbili katika msimu mmoja, kwa kuwa hilo bado limekatazwa.

Jibu, kutoka kwa MezaYaMsajili

Naongezea kwenye neno la mwisho la mwenzangu, viwango vya masomo, kwa sababu nimefanya kazi katika ofisi ya msajili wa chuo kimoja huko na nimeona wachezaji wakikwama hapo, wakati ambapo familia zao zilikuwa zimekwisha kusherehekea.

Mchezaji wa Divisheni ya Kwanza anayeanza mwaka wa tatu lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake. Akianza wa nne, asilimia 60. Akianza wa tano, asilimia 80. Shahada ya krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) humtaka awe na krediti 48 mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Yapo na mengine, yakiwemo wastani wa alama na angalau krediti sita katika muhula uliotangulia, lakini mchezaji anayesoma kawaida huyavuka hayo bila taabu. Hizo asilimia ndizo zinazowanasa wanaohama, kwa sababu chuo kipya huhesabu tu krediti zinazoingia katika shahada atakayoisoma pale. Kozi inaweza kupokelewa, ikaonekana kwenye hati ya matokeo, na bado isihesabiwe kwa kuwa haina nafasi katika shahada hiyo.

Dada, mdogo wako ana krediti ngapi, anasoma nini sasa, na anataka kusoma nini huko aendako?

DadaWaMchezaji

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii, kwa kuwa ile barua haihitajiki. Nimempigia simu. Mwisho wa muhula huu atakuwa na krediti 57 za biashara. Chuo kinachomtaka kimemwambia kwa mdomo kwamba "zote zitapokelewa", na yeye anataka kubadili asome sayansi ya kompyuta.

MezaYaMsajili

Hilo la "zote zitapokelewa" ndilo nililokuwa naliogopa. Tuseme katika hizo 57 zipo za uhasibu, masoko na usimamizi zenye jumla ya krediti 15, na shahada ya sayansi ya kompyuta haina nafasi ya kuzipokea hata kama kozi za hiari. Zinabaki 42, naye anahitaji 48. Kocha atamwona mazoezini kila siku, jezi atapewa, lakini siku ya mechi atakaa benchi akiwa na nguo za kawaida, na hakuna barua itakayomsaidia.

Asiseme ndiyo kwa kocha yeyote kabla ya kupata tathmini ya maandishi ya krediti zake, inayotaja shahada yenyewe kwa jina, kutoka kwa msajili na ofisi ya kusimamia kanuni ya chuo kipya. Pengo la krediti sita ni kozi mbili za kiangazi, na hilo linawezekana akianza mapema. Likiwa la krediti 15, ningemshauri abaki kwenye biashara, au akubali kwamba kubadili shahada kutamgharimu msimu. Uamuzi huo ni wake, na si wa kijinga, kwani kompyuta huenda ikamlisha muda mrefu kuliko kikapu.

Jibu, kutoka kwa MkimbiajiWaMasafa

Nilihama chuo huko nikiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1, kwa hiyo nagusia ambayo wenzangu hawakuyagusa, ikiwa mdogo wako naye ana viza hiyo.

Jina likishaingia kwenye potali, chuo cha sasa kinaruhusiwa kuukata ufadhili wake muhula ukiisha, hata kama baadaye atabadili mawazo. Kuingia potali hakuiharibu viza, ila ufadhili ukikatika kabla hajapata chuo kingine na akashindwa kuendelea kusoma, hadhi yake ya mwanafunzi itakuwa hatarini. Akishakubaliwa, aende kwa afisa wa wanafunzi wa kimataifa wapange tarehe ya kuhamisha rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kisha chuo kipya kimpe fomu mpya ya I-20, inayothibitisha nafasi yake ya masomo, na masomo yaanze ndani ya miezi mitano tangu rekodi ihamishwe. Mimi niliikawiza tarehe hiyo hadi ufadhili mpya uliposainiwa, na sikujuta.

Zile kozi za kiangazi nazo zina gharama. Amuulize kocha mpya, kwa maandishi, nani atazilipia.

DadaWaMchezaji

Nimemtumia uzi huu wote. Ameomba tathmini ya krediti kwa shahada zote mbili, biashara na kompyuta, na jina lake bado halijaingia potali. Kocha wa huko amemjibu kwamba hajawahi kuombwa karatasi kama hiyo na mchezaji, na kwamba atamuulizia msajili kesho.