Butike ya kijiji kuwa ajenti wa benki, inawezekana?

MwanaKasenga
Jambo bandugu. Mama yangu iko na butike kule Kasenga, anauzisha chumvi, sabuni, mafuta. Mtu wa pale akitaka kuweka makuta benki lazima apande gari mupaka Lubumbashi, nauli na chakula cha njia vinakula faida yote ya samaki. Mama anaweza kuwa ajenti wa benki ao wa M-Pesa?

Mama_Katuba
Inawezekana mwanangu, miye njo kazi yangu. Lakini shida ni floti, ni kusema makuta ya ajenti yenye iko mu simu. Mtu akiweka, keshi inaongezeka mu sanduku na floti ya simu inashuka, akitoa ni kinyume. Sasa kijijini wakati wa mavuno wote banatoa siku moja, keshi inaisha, unaona mama muzee ametembea kwa miguu na anarudia mikono mitupu, ile inaniumaka sana.

Fundi_Likasi
Kenya M-Pesa ilianza 2007, mabenki yakaruhusiwa kutumia maduka 2010, kwa hiyo njia inajulikana. Mama azungumuze na bale wenye butike zingine: badala ya kubeba keshi njiani kwenda kununua bidhaa mujini, baweke kwake, balipe kwa simu. Keshi inabakia kijijini. Na bei ya kutoa aibandike ukutani, batu baione mbele.

MwanaKasenga
Aksanti sana! Na likelemba ya bamama pale, kile kikundi cha kuchangiana makuta kwa zamu, iko na keshi kila juma, nitabauliza nabo.